Moyo wa Edisa Katika Nyumba ya Mkwe

Simu ilipolia, Edisa alikuwa akichambua maharagwe kibarazani. Aliifuta mikono yake kwa lesu aliyojifunga kiunoni kana kwamba mgeni amebisha hodi, akaiweka simu sikioni, na kutoka ndani yake ikatoka sauti ya binti yake Mackline, polepole na kwa adabu: “Sasa hivi, moyo wako ukoje? Bonyeza tano ukiwa mzuri sana. Bonyeza moja ukiwa mbaya sana. Kati ya hapo, chagua mwenyewe.”

“Wewe mtoto,” Edisa aliijibu simu, “unauliza leo, siku mawe iko mingi kuliko maharagwe?” Akabonyeza mbili.

Alijua vizuri kwamba sauti ile ilikuwa imerekodiwa na kwamba haikumsikia. Hata hivyo sauti ya mwanao ni sauti ya mwanao, na kunyamaza kungekuwa kukosa malezi.

Mackline alikuwa amepata kazi Bwera, mji wa mpakani, kwa watafiti wa chuo kimoja waliotaka kujua namna hisia za watu wa kawaida zinavyopanda na kushuka katika maisha ya kila siku. Hawakutaka kumwuliza mtu jioni siku yake ilikuwaje, kwa maana jioni mtu hukumbuka jambo moja kubwa na kuyasahau madogo yote. Walitaka kumkuta palepale alipo: shambani, sokoni, penye bomba la maji. Basi simu ililia mara kadhaa kutwa, kwa saa zisizotabirika, na jibu likaenda moja kwa moja kwenye kompyuta ya Mackline, ambako yote yaliunganishwa kwa mstari mmoja uliopanda na kushuka kama vilima vyetu.

Mimi nilikaa safu ya pili kutoka nyumba ya Edisa, katika zile nyumba za wafanyakazi wa mgodi hapa Kilembe, na Mackline nilimfundisha alipokuwa mdogo. Ndiyo sababu niliitwa kuwa shahidi wa mapatano yao, na ndiyo sababu naweza kuyasimulia.

Edisa alizaliwa juu mlimani, katika mashamba ya kahawa, akashuka bondeni akiwa msichana ili kuolewa na Yeseri, fundi wa pampu katika mgodi wa shaba. Yeseri alitoka Kabale. Hakujua Lhukonzo, lugha ya mlimani, na Edisa hakujua Rukiga ya Kabale. Kilichowakutanisha kilikuwa Kiswahili cha kambi, lugha ya watu waliokuja kutoka kila upande kufuata mshahara. Yeseri alimposa kwa Kiswahili. Waligombana kwa Kiswahili pia, na Edisa hupenda kusema kwamba ndoa yao ilidumu kwa sababu hakuna aliyeyajua matusi ya lugha ya mwenzake.

Wale waliokuwapo siku zile huikumbuka kambi jinsi mtu anavyokumbuka nyumba aliyolelewa. Wanawake walifua mavazi ya kazi penye bomba moja, na maji ya kufulia yalitoka na rangi ya kijani kwa ajili ya vumbi la shaba. Jumamosi sinema ilionyeshwa kwenye ukuta mweupe wa kantini, nasi tulikaa juu ya nyasi. Aliyechelewa aliitazama kutoka nyuma ya watu warefu, akisimuliwa na wenzake. Kutoka Kasese tulilisikia garimoshi likiondoka na mzigo, au labda hatukulisikia, maana ni mbali. Lakini kila mmoja wetu huapa kwamba alilisikia. Kisha mgodi ukafungwa. Wengi walirudi kwao. Yeseri alibaki, akalima bustani ya kabichi kando ya mto, akazeeka hapo, akafa hapo.

Mto huo ni Nyamwamba. Kwa miaka mingi ulikuwa rafiki wa bustani, kisha ulianza kushuka na mawe. Ulichukua safu nzima ya nyumba zilizokuwa ukingoni, na katika uwanja tuliochezea mpira uliacha majabali makubwa kama ng'ombe waliolala. Nyumba ya Edisa ilisalimika, ila ukutani, usawa wa kiuno, pana mstari wa matope ambao chokaa haijaweza kuuficha.

Mackline alitaka mama yake aihame nyumba hiyo. Jambo lililobishaniwa lilikuwa hilo tu, na walilibishania miaka mitatu.

“Mama, njoo Bwera,” alisema siku ile niliyoitwa. “Nyumba iko kubwa. Wajukuu wako wanakuulizia.”

“Wajukuu wanaweza kupanda gari, wanisalimie hapa.”

“Hapa uko peke yako. Uko na huzuni.”

“Nani alikuambia mimi niko na huzuni?”

“Naona.”

“Unaona kutoka Bwera? Macho yako iko na darubini?” Edisa alinigeukia. “Mwalimu, wewe ulimfundisha huyu kubishana na mzazi?”

Nilisema kwamba nilimfundisha hesabu tu. Mackline alicheka, na katika kucheka huko akapata wazo. Alisema: tusibishane, tupime. Mwezi mmoja Edisa akae Kilembe na simu ya utafiti imwulize. Mwezi wa pili akae Bwera na simu imwulize vilevile. Nyumba ambamo moyo wake utakuwa bora, hiyo ndiyo atakayokaa.

Edisa aliujua moyo wake, na aliamini kwamba mashine yoyote ya haki itasema Kilembe.

“Sawa,” alisema. “Lakini ikisema Kilembe, sitaki kusikia tena hii maneno ya Bwera mpaka nife.”

“Na ikisema Bwera?”

“Ikisema Bwera, nitafunga mlango na kukupa ufunguo. Mwalimu, umesikia.”

Nilikuwa nimesikia. Naye Edisa si mtu wa kulivunja neno lake. Hilo bonde zima linalijua.

Mwezi wa Kilembe ulikuwa wa kelele. Kutoka kwangu nilimsikia akizungumza na simu asubuhi na alasiri. Aliieleza kila jibu kabla ya kulibonyeza. Alibonyeza mbili kwa sababu ya kitanda ambacho upande wa Yeseri shuka haikukunjamana. Alibonyeza tano siku rafiki yake Bulandina alipopanda kutoka safu ya chini akichechemea, wakapika obundu, ule ugali wa muhogo wa kwetu, wakamcheka mchungaji mpya ambaye huimba kabla ya ala. Bulandina alikuwa mjane kama yeye, mke wa mchimbaji, na walikuwa wamefua pamoja penye bomba lile la maji ya kijani. Simu ilipolia mbele yake, Bulandina aliinyang'anya.

“Mackline! Mama yako iko mzuri, ila chumvi ametia mingi!”

“Leta hiyo simu, utaiharibia hesabu!”

“Hesabu gani? Moyo iko na hesabu? Basi wangu andika sita.”

“Sita hakuna.”

“Haya, nipunguzieni.”

Na mvua iliponyesha juu milimani, Edisa alibonyeza moja. Mara hizo hakueleza chochote. Nilimwona amesimama kibarazani, simu mkononi, uso umeelekea mtoni.

Mwezi wa pili alikwenda Bwera. Yaliyotokea huko nimeyapata kwa Mackline na kwa mumewe Nasani, kila mmoja kwa wakati wake, na masimulizi yao yalipatana.

Nasani ni mtu mwema, mpole, mwenye kazi ya kusafirisha mizigo ya wafanyabiashara kwenye mpaka wa Mpondwe. Nyumba yake ina sakafu ya vigae na televisheni, na dirishani mtu huona malori yakisubiri kuvuka, wabadilishaji wa fedha chini ya miavuli yao, na vijana wa boda wakiwaita abiria kwa lugha nne. Alimnunulia mama mkwe wake kiti cha sofa, akakiweka mahali panapoonekana vizuri zaidi.

Tatizo lilikuwa kwamba Edisa ni mwanamke wa mlimani. Alifundishwa na mama yake, penye mafiga, kwamba mama mkwe hampi mkwe wake wa kiume mkono, hali chakula mbele yake, wala halali chini ya paa lake pasipo ugonjwa au msiba. Wengi siku hizi wameyaacha hayo, na kanisani husemwa kwamba ni mambo ya kale. Edisa aliitikia amina kanisani. Nyumbani kwa Nasani alikaa ukingoni mwa kiti kile kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari, na mlango wa mbele ulipolia aliinuka akaingia jikoni. Chakula alikula kidogo, akasema ameshiba. Usiku hakukohoa.

Na kila simu ilipouliza moyo wake ukoje, alibonyeza bila kusema neno, upesi, kama mtu anayeitikia salamu.

Mwezi ulipokaribia mwisho, habari ilifika kutoka Kilembe kwamba Bulandina amefariki. Aliamka akisema ana kizunguzungu, na mchana hakuwapo tena. Edisa alikuwa jikoni akimenya viazi. Aliketi chini sakafuni, miguu imenyooka, akalia jinsi wanawake wa kwetu wanavyolia, akimwita marehemu kwa jina na kumwuliza ni nani sasa atakayepanda kutoka safu ya chini. Mackline alipiga magoti, akamshika, nao wakalia pamoja. Katikati ya kilio simu ililia. Edisa alijifuta pua, akabonyeza, akaendelea kulia.

Tulimzika Bulandina upande wa juu wa bonde, mahali mto hauwezi kufika. Edisa alirudi Bwera kumaliza siku zilizosalia, kwa kuwa alikuwa ameahidi.

Jumapili baada ya mwezi kuisha niliitwa Bwera. Tulikaa sebuleni, Edisa ukingoni mwa kiti chake. Mackline aliiweka kompyuta mezani akatuonyesha mistari miwili. Wa Kilembe ulipanda na kushuka, ukafika juu kabisa, ukaanguka chini kabisa. Wa Bwera ulikuwa umenyooka kama barabara ya lami.

“Tano,” Mackline alisema. “Tano, tano, tano. Mama, mimi sijatunga. Ni wewe mwenyewe.”

Edisa aliutazama mstari ule. Hakubisha. Alilikunjua pindo la lesu yake, akaanza kulifungua fundo alilofungia ufunguo wa nyumba ya Kilembe, na fundo lile lilikuwa limekazwa sana, vidole vyake havikuliweza upesi. Nilitamani kusema neno, nami nilikuwa shahidi tu.

Akisubiri, Mackline alirudi kuutazama mstari. Alikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha hupenda kuitazama mara ya pili. Alipitisha kidole juu ya siku, moja baada ya nyingine. Kidole kikasimama.

“Mama. Hii ni siku ya Bulandina.”

“Ndiyo.”

“Ulikuwa unalia. Mimi nilikushika.”

“Nililia.”

“Lakini hapa ulibonyeza tano.”

Edisa aliinua uso, naye alikuwa amestaajabu kwa kweli. “Nilikuwa katika nyumba ya Nasani. Ulitaka niseme nini? Niseme nyumba ya mkwe wangu iko mbaya?”

“Mama, haikuuliza nyumba! Iliuliza moyo.”

“Na moyo wangu ulikuwa wapi, kama siyo katika nyumba yake? Mtu amekupa kitanda, amekupa nyama, ananunua kiti. Anakuuliza habari. Unamjibu moja?”

“Si yeye aliyeuliza. Ni mashine.”

“Mashine iko na sauti ya mke wake,” Edisa alisema.

Mackline alifunika uso kwa mikono. Hapo tulisikia kikohozi. Nasani alikuwa amesimama mlangoni pa nyuma, upande wa nje, mgongo umetuelekea, kwa heshima ya kutomtazama mama mkwe uso kwa uso.

“Mama, nisamehe,” alisema akiutazama ua. “Nilifikiri nimekuwekea kiti, kumbe nimekuwekea mtihani.”

“Wewe huna kosa, mwanangu,” Edisa alijibu akiitazama sakafu.

“Na mimi niseme ukweli. Mwezi huu wote naingia kwa mlango wa nyuma ili usikimbie. Chakula nakula mpakani. Wangeniuliza mimi, ningebonyeza tano pia.”

“Kumbe!” Mackline alifunua uso. “Basi katika nyumba hii yote nani angebonyeza moja?”

“Wewe,” Nasani alisema, “kama ungetuuliza nasi tukakujibu kweli.”

Edisa ndiye aliyeanza kucheka. Aliziba mdomo kwa lesu, maana kucheka mbele ya mkwe pia si adabu, na kwa kuuziba alizidisha. Nasani alicheka huko uani. Mackline alicheka mwishoni, kisha kicheko chake kikageuka kilio.

“Mama,” alisema, “nikuambie. Mimi sikutaka kukuhamisha kwa ajili ya huzuni. Naogopa mto. Kila mvua ikinyesha hapa, nasimama dirishani natazama upande wa mlima. Siwezi kulala.”

“Kwa nini hukusema hivyo tangu mwanzo?”

“Ningesema, ungejibu kwamba wewe huogopi.”

Edisa alisogea mbele, akaweka kidole kwenye mstari wa Kilembe, mahali ulipoanguka. “Hii. Na hii. Na hii hapa. Hizi moja zote ni mvua.”

“Kumbe unaogopa.”

“Mtu aliyesikia jabali likigonga ukuta wake, amepanda juu ya meza kukimbia maji, haogopi? Naogopa. Lakini baba yako alikufa katika ile nyumba. Nikitoka, nani atajua kwamba tulikuwapo?”

Mackline alimshika mkono, na huo ulikuwa mwisho wa ule ubishi wa miaka mitatu, ingawa uamuzi ulichukua siku kadhaa zaidi. Edisa angehama Kilembe, ila si kwa mkwe. Angekuwa na mlango wake.

Nilimsaidia kufunga mizigo. Haikuwa mingi. Asubuhi ya kuondoka alipita nyumba kwa nyumba katika safu zetu, akisalimia hata zile tupu. Mbele ya kila mlango alitaja jina la waliokaa humo: fundi wa umeme aliyefuga bata, mpishi wa kantini, familia ya watoto mapacha waliohamia Mbarara. Penye bomba alisimama sana. Bomba limekauka tangu zamani, lakini saruji iliyo chini yake bado ina weupe wa sabuni, na mahali palipochimbika kwa visigino vya wanawake. Alivua kandambili, akaweka mguu wake pale. Kisha akavaa, tukaenda garini.

Chumba kilichopatikana Bwera kiko katika ua wa Jeanine, mjane Mkatoliki kutoka Butembo, ng'ambo ya mpaka, anayeuza vitenge siku za soko. Ni vyumba viwili vidogo, na mlango unafunguka kwenye mfereji na mpapai mmoja.

“Mama, ingia tu,” Jeanine alimwambia. “Nyumba iko ya Mungu, mimi niko naangalia tu. Ukitaka kulia, lia. Ukitaka kuimba, imba. Ila kuku yangu usiifukuze, iko na hasira.”

Utafiti ulikuwa umemalizika, lakini Edisa alimwomba Mackline asiikate ile simu. “Iache iniulize,” alisema. Mackline alipanga kwenye kompyuta yake simu moja kwa siku, ya mama yake peke yake.

Siku ya kwanza katika chumba kile Edisa aliwasha sigiri yake mwenyewe ya makaa, akapika chai katika sufuria yake mwenyewe, akaketi katikati ya kigoda, si ukingoni. Simu ililia. Alisikiliza hadi mwisho.

“Leo,” aliiambia, “nimeamka nikamtafuta Bulandina. Nimesahau kwamba niko Bwera, nimesahau kwamba amekufa, yote mawili. Nimefungua mlango nikaona kuku.” Akabonyeza moja.

Mackline alikuwa kazini. Alipoiona ile moja, aliruka juu ya boda ya kwanza, akafika uani na kofia ya dereva bado kichwani kwake.

“Mama! Kuna nini? Uko mgonjwa?”

“Hapana. Niko na huzuni. Uliuliza, nimejibu.”

Mackline alimtazama. Machozi yalimtoka, na wakati huohuo alikuwa anatabasamu, jambo ambalo Jeanine, aliyekuwa akianika vitenge kwenye kamba, hakulielewa hata kidogo.

“Eh, Mama Edisa,” Jeanine aliita, “ukibonyeza vile kila siku, huyu mutoto wako ataacha bwana yake, ataolewa na mutu wa moto, huyu wa pikipiki!”

Dereva wa boda, aliyekuwa bado langoni akisubiri kofia yake, alisema kwamba yeye yuko tayari kabisa. Edisa alimrudishia kofia, akamwambia aende zake, akavuta kigoda cha pili, akamimina chai katika vikombe viwili.

“Keti,” alimwambia bintiye. “Nikuambie habari za Bulandina kabla hujazaliwa.”